Mtoto wa Laini ya Pili

Ndugu zangu wa Ilaani, na nyinyi wa vijiji jirani mtakaosomewa haya, kaeni vizuri. Sina hadithi ya sungura na fisi leo. Nina habari za jirani yangu Kavata, mumewe Ndeti na mtoto wao Ndinda, na nikifika mahali pa kujitaja mimi Kalunde nitajitaja. Mtu anayesimulia makosa ya wenzake na kuyaruka yake ni mwongo, hata awe anaimba kwaya kila Jumapili.

Kama mngepita kwa Kavata mwanzoni mwa mwaka wa 1988 mngeona nyumba yenye amani. Asubuhi Kavata angekuwa uani anapepeta mbaazi, na Ndinda, msichana wa miaka minne asiyejua kutembea polepole, angekuwa anawafukuza watoto wa mbuzi na kuwaita kwa majina aliyowapa yeye mwenyewe. Ndeti alikuwa fundi wa mawe. Kabla ya kwenda kazini alikuwa akimbeba Ndinda mabegani hadi kwenye njia panda, kisha mtoto anarudi mbio peke yake huku akicheka. Walikuwa wamemngoja mtoto huyo miaka saba, na wote wawili walimpenda kupita kiasi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani baba yake hakumpenda.

Pale juu kwenye kilima, mwendo wa saa moja kutoka kwetu, ilikuwako zahanati yetu. Nasema yetu kwa sababu ni sisi tulioijenga. Mnajua mwethya ulivyo: akina mama tunakusanyika, leo tunalima kwa huyu, kesho kwa yule, na ikija kazi ya kijiji kizima hakuna anayebaki nyumbani. Mawe tuliyabeba mgongoni, kamba ikipita kichwani. Mchanga tuliutoa mtoni kwa debe. Ndeti akajenga kuta na kupachika mlango, na kwa kazi hiyo nzuri tukamchagua mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Serikali ikaleta dawa na muuguzi. Siku zile dawa zilikuwa za bure, kwa hiyo katika habari hii msitafute kisingizio cha umaskini. Hakuna aliyekosa matibabu kwa kukosa shilingi.

Basi ukaja uchaguzi wa mlolongo. Vijana hamkuuona, nitawaeleza. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Watu waliitwa uwanjani, kila mgombea akawekewa mtu wa kushika picha yake, na wewe unakwenda kusimama nyuma ya picha ya unayemtaka, mchana kweupe, mumeo anakuona, chifu anakuona, adui yako anakuona. Kwetu waliogombea udiwani walikuwa wawili. Mbuvi alikuwa mtu wa chama, mwenye sauti kubwa na marafiki wakubwa. Kilonzo alikuwa na pikapu kuukuu, na kwa pikapu hiyo alikuwa amewapeleka wajawazito wengi hospitali ya Kitui bila kuwaomba chochote. Kavata alikuwa mmoja wao. Ndinda alizaliwa nusu saa baada ya pikapu hiyo kufika.

Ndeti alisimama nyuma ya picha ya Mbuvi. Kavata akajifunga leso vizuri kiunoni, akapita mbele ya mumewe na watu wote, akaenda kusimama nyuma ya picha ya Kilonzo. Wanaume wakaguna. Mimi je? Mbuvi alikuwa amenigawia kilo mbili za sukari, nami nikasimama kwake. Nimeshasema sitajiruka.

Laini ya Kilonzo ilikuwa ndefu hata ikazunguka mti wa kona. Ya Mbuvi ilikuwa fupi. Baada ya kuhesabu, tukatangaziwa kwamba Mbuvi ameshinda. Tuliangaliana, tukaenda nyumbani.

Ndipo ule ugonjwa wenyewe ulipoingia, na siyo malaria ninayoisema. Diwani Mbuvi alimwita Ndeti mbele ya wazee na kumwambia, "Fundi, unataka uendelee kuwa mwenyekiti, na unataka tukupe kazi ya kujenga wodi ya akina mama. Lakini bibi yako alikuwa laini ya adui. Mtu ameshindwa na jiko yake, ataweza dispensari?"

Wazee wakacheka. Ndeti hakucheka. Alikuwa mtu mwenye kiburi cha kimyakimya, na kiburi cha namna hiyo ndicho kibaya zaidi. Wiki haikupita, akaitisha mkutano mbele ya zahanati. Akachimbia vigingi viwili chini, akafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi.

"Kuanzia Jumatatu kutakuwa na laini mbili," alisema. "Waliosimama na mheshimiwa wataingia na huku. Wale wengine watangoja hapa. Hii ya kwanza ikiisha, hiyo ya pili ndiyo inaanza. Dispensari ni ya maendeleo, na maendeleo ni ya wale walichagua maendeleo."

Mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, kwa mzaha, "Na Mama Ndinda je?"

"Hata Mama Ndinda," Ndeti akasema. "Sheria haina bibi."

Mbuvi akapiga makofi, na sisi tukapiga makofi. Kavata alikuwa amesimama na wenzake wa mwethya, mikono ile iliyobeba mawe ya jengo lile ikiwa imekunjwa kifuani. Jioni alimpikia mumewe kama kawaida, lakini tangu siku hiyo alikuwa akimjibu kwa neno moja moja.

Miezi ikapita. Ninawaambia kwa uchungu kwamba tulizoea. Mtu huzoea haraka jambo baya likiwa linamfaa. Sisi wa laini ya kwanza tulikuwa tunafika saa nne, tunapita, tunatibiwa, tunarudi shambani. Wale wa pili walifika alfajiri na kuondoka jioni, na kila mmoja wetu aliyechelewa alipokuja aliwapita. Mwezi wa tisa akaletwa muuguzi mpya, Sista Muthoki, msichana wa Nunguni, huko kwenye baridi. Alipouliza habari za kamba, Ndeti akamwambia kwamba laini ya pili ni ya watu wa marudio, waliokwisha kupata dawa. Muuguzi akaamini, kwa maana kazi yake ilikuwa ndani na hakuwa akitoka hadi jioni. Wale wa laini ya pili waliogopa kufukuzwa kabisa. Sisi tungeweza kumwambia ukweli, hata mmoja wetu. Hatukumwambia.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilinyesha vizuri mwaka huo, na baada ya mvua wakaja mbu. Disemba ilipoanza, karibu kila boma lilikuwa na mtu amelala. Ndinda alishikwa na homa siku ya Jumanne. Ndeti hakuwako, alikuwa Kanyangi na diwani wakishughulikia mambo ya wodi. Jumatano Kavata alimpa mtoto maji na kumkanda kwa kitambaa. Aliniambia baadaye kwamba alichelewa kwa siku moja kwa sababu aliiogopa ile laini kuliko alivyoiogopa homa. Alhamisi alfajiri mtoto alikataa hata maji. Kavata akamfunga mgongoni, akaanza kupanda kilima.

Nilimkuta amekwisha kufika saa mbili, mtu wa sita katika laini ya pili. Mimi nilikuwa nimekuja na kidole. Ndiyo, kidole. Mwiba ulikuwa umenichoma nikikata kuni, kidole kikavimba. Kwa sababu ya sukari ile ya Mbuvi nikawa mtu wa kumi na moja katika laini ya kwanza.

Sista Muthoki alifungua saa tatu. Jua lilikuwa limeanza kuwaka, na upande wa laini ya pili hakukuwa na kivuli. Kavata alikuwa amemteremsha mtoto na kumpakata, akimfunika kwa leso. Niliona miguu ya Ndinda inatetemeka ingawa kulikuwa na joto. Alitapika mara mbili, mara ya pili kikatoka kitu cha manjano tu.

Kavata akainuka, akamwendea Mutie, askari wa mlangoni.

"Mutie, angalia huyu mtoto. Ana joto mbaya."

"Naona, Mama Ndinda."

"Basi nifungulie."

Mutie alikuwa mtu mzima mwenye watoto sita. Aliangalia chini. "Mama Ndinda, nikikuingiza wewe leo, kesho mimi sina kazi. Hii maneno si yangu. Ni ya bwana yako."

"Najua ni ya nani. Nakuomba wewe."

"Ngojea kidogo. Laini ya kwanza imebaki watu wachache."

Hawakuwa wachache. Kila saa walifika wengine, nao wakaingia mbele. Kavata akarudi mahali pake. Alipokuwa anapita karibu nami, akasimama.

"Kalunde."

"Ii, Kavata."

"Wewe umebakisha watu watatu. Nipe nafasi yako."

Ndugu zangu, nimefika mahali pale nilipowaahidi. Nilikitazama kidole changu. Nilimtazama Ndinda, macho yake yalikuwa nusu wazi na hayakuwa yakiangalia kitu. Nikatazama nyuma yangu nikaona mke wa chifu amesimama hapo, ananisikiliza. Nikaogopa kuitwa mtu wa Kilonzo, nikaogopa kuhamishiwa upande wa jua. Nikasema, "Sheria haikubali kubadilishana."

Kavata alinitazama, si kwa hasira. Kisha akasema, "Sawa, mama," kama mtu anayeagana na mgeni, akaenda zake.

Niliingia. Sista Muthoki akapasua jipu, akasafisha, akafunga bandeji nyeupe. Alikuwa msichana mpole, mikono yake ilikuwa baridi. Aliniuliza, akiniita mama kwa Kikamba, "Kuna wagonjwa wengi huko nje, mwaitu?" Mlango ulikuwa hatua mbili nyuma yangu. Ningesema neno moja tu. Nikamwambia, "Ni wale wa kawaida, sista. Asante." Nikatoka.

Nilipotoka nikakuta gari la diwani linapanda kilima. Mbuvi alishuka na wageni wawili wenye tai kutoka wilayani, na Ndeti nyuma yao akiwa amevaa koti lake la kanisani. Ilikuwa saa tano.

"Mnaona nidhamu ya watu wetu?" Mbuvi aliwaambia wageni, akinyoosha mkono kuonyesha zile laini. "Hakuna kelele, hakuna kusukumana."

Kavata akasimama. Hakupiga ukelele. Alisema tu, "Baba Ndinda."

Ndeti aligeuka. Sote tuliokuwa pale tulimwona akimwona mtoto wake. Rangi ya uso wake ilibadilika. Mguu wake mmoja ulitoka, kweli ulitoka, nilikuwa karibu. Kisha Mbuvi akasema, "Mwenyekiti, waonyeshe wageni mahali pa wodi," na wale wageni wakamgeukia. Ndeti akamwinulia mkewe kiganja, ishara ya kusema ngoja kidogo, nakuja. Akaenda nyuma ya jengo na wageni. Akina mama wa chama wakawapelekea soda na viti.

Ngoja kidogo. Alitaka wageni waondoke kwanza, ili asionekane na diwani akiivunja sheria yake mwenyewe. Alidhani ana muda. Mnajua ni dakika ngapi? Mimi nazijua, kwa sababu sikuweza kuondoka pale. Nilisimama na bandeji yangu nikimwangalia Kavata, naye alikuwa akiiangalia ile kona ya jengo. Zilipita dakika arobaini.

Kisha mwili wa Ndinda ukakakamaa. Mgongo ukapinda, meno yakaumana, mikono ikaanza kurukaruka. Degedege. Kavata akapiga yowe moja, na hapo ndipo Mutie alipotupa rungu chini, akaruka kamba, akamnyakua mtoto na kuusukuma mlango kwa bega. Sisi wote tukamfuata ndani, laini zote mbili.

"Huyu amefika saa ngapi?" Sista Muthoki aliuliza, huku akitafuta sindano.

"Saa mbili," Kavata akajibu.

"Saa mbili ya leo? Mwaitu, umekaa na mtoto hivi tangu saa mbili, na mimi niko hapa ndani?"

Yule msichana akamdunga mtoto sindano ya kwinini. "Nani alimweka nje?" akauliza tena, sasa kwa sauti kubwa. "Nauliza, ni nani?"

Ndeti alikuwa amefika mlangoni, chupa ya soda bado mkononi.

"Muulize mwenyekiti," Kavata akasema.

Degedege ikapungua, lakini mtoto hakuamka. Sista akasema dawa aliyo nayo haitoshi, apelekwe Kitui upesi, tena kwa gari. Gari lilikuwa moja. Mbuvi akaanza kusema kwamba wageni wana mkutano, kwamba pengine gari litawashusha wageni kwanza kisha lirudi. Nadhani ndipo Ndeti alipoamka. Aliangusha chupa, akaufungua mlango wa gari kwa nguvu, akamwambia diwani, "Nitoe uenyekiti. Chukua wodi. Fungua njia!" Wakaondoka, Kavata na mtoto nyuma, sista akishika chupa ya maji ya dripu.

Ndinda alikata roho njiani, kabla hawajaziona nyumba za Kitui. Kavata aliniambia kwamba Ndeti aliendelea kumwambia dereva aongeze mwendo hata baada ya sista kuichomoa ile dripu.

Tulimzika Jumamosi. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mlolongo. Mbuvi alikuja na mahema na viti, akataka kusema machache. Mchungaji alipomaliza sala, vijana wa kamati wakaanza kuwapanga watu, kwa mazoea tu, ili wapite mmoja mmoja kutia udongo. Wakatanguliza diwani na watu wake, wakawaambia wengine wangoje upande ule.

Kavata alikuwa amekaa chini. Akasimama, akatembea hadi mbele ya diwani, akatwaa koleo kutoka mkononi mwake.

"Hapa hakuna laini," alisema. "Huyu amengoja vya kutosha."

Akaanza kutia udongo yeye mwenyewe. Ndeti akasogea ili amsaidie, akanyoosha mkono apewe koleo. Kavata hakumpa. Basi akapiga magoti kando ya mkewe, akawa anasukuma udongo kwa mikono mitupu, fundi yule aliyejenga kuta za zahanati, akilia kwa sauti mbele ya watu wote. Hakuna mwingine aliyesogea mpaka wakamaliza wao wawili.

FUNZO

Watu wengi wakisikia habari hii wanasema, "Malaria ilimwua." Mimi nakataa. Mbu alimwuma Ndinda, na mbu haulizi ulisimama nyuma ya picha ya nani. Walioulizana hivyo ni watu. Dawa ilikuwako, ya bure, hatua ishirini kutoka alipokuwa amepakatwa. Katikati paliwekwa kamba, na kamba hiyo ilifungwa na siasa. Kila mara mtakaposikia kijiji fulani kinakufa kwa kipindupindu au surua na kingine kiko salama, msikimbilie kulaumu uchafu wao au ujinga wao. Ulizeni kwanza kisima kilichimbwa upande gani, na kwa nini. Ulizeni gari la chanjo huishia wapi, na ni nani aliyeamuru ligeuzwe hapo.

Funzo la pili ni la viongozi wa ngazi ndogo kama Ndeti. Wakubwa hawaji wenyewe kufunga kamba. Hutafuta mtu wa hapahapa, mtu mzuri mwenye kiburi kidogo, wakamchoma mahali panapouma. Ukiona unatunga sheria ili wanaume wenzako wasikucheke, iache. Ndeti aliing'oa ile kamba na vigingi vyake siku ya Jumatatu iliyofuata. Alinyang'anywa uenyekiti, na wodi akapewa fundi mwingine. Sista Muthoki, aliyeandika barua kueleza yote, alihamishwa kabla ya mwaka kwisha. Mbuvi aliendelea kuwa diwani. Sitawadanganya kwamba kila mbaya hulipwa.

La mwisho ni langu, nami nalisema mbele yenu na mbele ya Kavata, aliyenisamehe kwa maneno ingawa hajawahi tena kuketi nyumbani kwangu. Nilikuwa mtu wa kumi na moja. Kama ningetoka, Ndinda angeingia kabla ya saa tano, na huenda leo angekuwa mama wa watoto. Sikufunga kamba mimi. Nilisimama tu upande wenye kivuli. Nyinyi mnaofikiri hamna kosa kwa sababu hamkufunga kamba yoyote, mkiwa hospitalini, mkiwa kisimani, mkiwa mnagawiwa mahindi ya njaa na laini yenu inakwenda upesi, geukeni mtazame nyuma. Mkimwona aliye mgonjwa kuliko nyinyi, tokeni, aingie. Msingoje sheria iwakubalie.